Niobi ya Lueshe na sumaku za Geneva: watoto wa Rutshuru waambiwe yote

Kwa watu wengi wa Kivu Kaskazini, koltani ni jiwe la simu, na mazungumzo yanaishia hapo. Lakini nusu ya jina hilo inatoka kwa kolumbiti, na ndani ya kolumbiti kuna metali inayoitwa niobi. Huko Lueshe, katika teritware ya Rutshuru, kuna madini mengine yenye niobi, pirokloro. Ni familia ngapi zilizokimbia Rutshuru ziliwahi kuelezwa inafanya kazi gani?

Kazi yake moja iko chini ya ardhi, kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa. Maabara ya CERN ina mashine ya duara yenye kilometa 27, ambamo chembe ndogo kuliko atomu zinakimbizwa karibu na mwendo wa mwanga. Ili chembe zifuate duara, sumaku 1232, kila moja ya urefu wa meta 15, zinazikunja. Waya wa sumaku hizo ni niobi iliyochanganywa na titani. Ukipozwa kwa heli hadi digrii 271 chini ya sifuri, unapitisha umeme wa ampea zaidi ya 11,000 bila kupata joto.

Wanaoisifu mashine hiyo husifu nguvu zake. Wanasahau kwamba kazi ngumu ya mchoraji wa sumaku ni kufikiri itaharibika namna gani. Sumaku inasukuma waya zake yenyewe kwenda nje, ndiyo maana zinabanwa na chuma. Waya ukisogea kidogo tu unapata joto, sifa yake inapotea, na umeme wote lazima upewe njia nyingine haraka. Tarehe 19 Septemba 2008, siku tisa baada ya mashine kuwashwa, kiungo kimoja kibaya kati ya sumaku mbili kiliungua. Tani 6 hivi za heli zilipotea, sumaku 53 zikatolewa kutengenezwa au kubadilishwa, na mashine ikalala zaidi ya mwaka. CERN ilieleza kosa hilo wazi, jambo ambalo viongozi wengi wa hapa hawalijui bado.

Isidhaniwe kwamba Geneva inategemea Lueshe: sehemu kubwa kabisa ya niobi ya dunia inatoka Brazil. Na bei nzuri haiko kwa jiwe, iko kwa yule anayejua kulisafisha na kulivuta kuwa waya. Kwa hiyo kuwaimbia vijana kila siku kwamba madini yao ni utajiri, huku shule haina fizikia ya vitendo, ni kuwachezea.

Wanaoleta madaftari na sabuni kwa watoto wa kambi wanafanya vizuri. Waongeze betri, waya na msumari. Mwalimu azungushe waya kwenye msumari, aunge betri, watoto waone sindano zikivutwa. Kisha waguse waya kidogo: umepata joto. Hilo joto ndilo watu wa Geneva walilikimbia mpaka digrii 271 chini ya sifuri.