Pwani ya Kasenyi iwafae kwanza wakaaji wake

Watu wa Bunia wakitaka mchanga na maji ya kuogelea, hushuka mlima kwa njia ya Bogoro hadi Kasenyi, kando ya Ziwa Albert. Zamani meli Robert Coryndon ilifika hapa ikitoka Butiaba, Uganda. Hiyo ni historia ya kuonyesha wageni. Lakini mwaka 2018, vita ya Djugu ilipopamba moto, makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa hili hili kukimbilia Uganda, wengi ndani ya mitumbwi iliyojaa kupita kiasi. Mwenye kutaka kujenga hoteli ufukweni asianze kwa kumfukuza mvuvi, wala mama anayeanika samaki. Na familia zilizokimbia, siku zikirudi, zikute kiwanja chao.