Saa ya ukuta haiko saa ya mashini



Tangu mwanzo wa mhula huu maneno ni mengi katika chumba cha kompyuta, na sisi wa gazeti tumeona heri tuyaandike mahali kila mtu atayasoma kuliko kuyasemea chini ya miti. Jambo lenyewe ni poin. Katika kazi ya informatiki kila kikundi kinaandika programu moja, ile ya kutafuta namba tasa, kisha mwalimu anashika telefone yake, anatazama saa, anasema "Anzeni!" Programu ikimaliza anaandika dakika na segonde. Wale wa kwenda mbio wanapata poin mingi. Wale wa kukawia wanaambiwa kama programu yao iko nzito.

Sisi tunasema kama kipimo hiki hakiko cha haki. Hatusemi hivi kwa kumdharau mwalimu, hapana. Telefone yake haisemi uongo. Lakini inajibu ulizo lingine, si lile aliloliuliza.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Mama anakutuma na beseni ya muhogo mkavu kwenye mashini ya kusaga. Unatoka saa mbili ya asubuhi, unarudi saa sita. Ni kweli, ulikawia saa nne. Lakini mashini yenyewe ilizunguka kwa ajili ya muhogo wako pengine robo ya saa tu. Wakati mwingine wote ulikuwa kwenye mstari, ukingojea beseni za wengine, ao mwenye mashini alikuwa ametuma mtoto kutafuta mazutu. Kama mama anataka kujua kama muhogo wake ulikuwa mgumu kusagwa, hawezi kuhesabu tangu saa ile ulitoka nyumbani. Anapaswa kuhesabu ile robo ya saa. Na mwenye mashini, tunamjua sote, analipisha kwa beseni, hapana kwa wakati uliosimama juani.

Kompyuta iko vile vile. Prosesa njo mashini ya kusaga. Unaweza kuona programu kumi zimefunguka kwa mara moja, lakini kila kiini cha prosesa kinatumikia moja tu, kipande kidogo sana cha segonde, kisha kinaiweka kando na kushika nyingine. Zamu zinapita upesi hata jicho haliwezi kuziona, na kila mtu anafikiri mashini iko yake peke yake. Desturi hii haiko ya jana. Katika Novemba 1961, kwenye chuo cha MIT huko Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mpango wao ulioitwa CTSS, ambamo watu kadhaa walitumia mashini moja kubwa kwa wakati mmoja. Mashini za siku zile zilikuwa za bei kali sana. Ndiyo maana ilikuwa lazima kujua, kwa kila mtu, prosesa ilimtumikia muda gani. Nani angekubali kulipa kwa muda ambao mashini ilikuwa inamfanyia jirani kazi?

Hesabu hiyo ingali inafanyika mpaka leo ndani ya kila kompyuta, hata zile za kwetu zilizochakaa. Katika zile zenye Linux unaandika "time" mbele ya jina la programu yako. Ni amri ya zamani, ilikuwa ndani ya Unix tangu toleo la tatu la mwaka 1973. Programu ikimaliza unapewa mistari mitatu. "Real" ni saa ya ukuta, ile ya telefone ya mwalimu. "User" ni muda ambao prosesa ilifanya hesabu za programu yako mwenyewe. "Sys" ni muda ambao mfumo wa kompyuta ulikutumikia kwa mambo uliyoomba, kama kufungua faili na kuandika kwenye diski. Yaani mwenye mashini akikumiminia muhogo na kufunga mfuko. Jumlisha "user" na "sys", umepata saa ya prosesa.

Tulijaribu siku moja ya jua zuri. Tulipiga programu ile ile mara mbili kwenye kompyuta ile ile: kwanza ikiwa peke yake, kisha tukifungua kando filme na kazi zingine nzito. "Real" iliruka sana mara ya pili. "User" ilisogea kidogo tu. Programu haikubadilika hata herufi moja, lakini kwa telefone mara ya kwanza ingesifiwa na mara ya pili ingeambiwa iko nzito.

Tusifikiri kama ni sisi tu wa kuchanganya saa hizi mbili. Hata wataalamu waliteleza. Katika lugha ya C kuna fonksio inayoitwa clock(). Kwenye Linux inatoa saa ya prosesa. Kwenye Windows, fonksio yenye jina lile lile inatoa saa ya ukuta. Mwanafunzi anapeleka programu yake toka mashini moja mpaka nyingine, anapata namba mbili, anafikiri ameloga. Python nayo ilikuwa na mchanganyiko huo, mpaka mwaka 2012 toleo la 3.3 likaleta process_time() kwa saa ya prosesa peke yake, na mwaka 2019 toleo la 3.8 likatupilia mbali time.clock() ya zamani. Ikiwa wakubwa hao walikubali kutenganisha, sisi tunangoja nini?

Hata humu jimboni mwetu kuna mashini zinazolipwa kwa kazi. Hifadhi ya Virunga, kwa umeme wa maji wa Luviro, ilianza mwaka 2020 kutumia kompyuta za kutafuta bitcoin. Mashini kama hizo zinapata kitu kwa hesabu zilizofanya, na ile inayokaa bure bila umeme haipati hata franga. (Na tusisahau kama bati ya kuunganishia vyuma vya ndani inatoka katika kasiterite kama ile ya Bisie, kwetu Walikale, na koltani ya Rubaya, kule Masisi, inatengenezwa vile vidude vya kutunza umeme. Mawe yetu yanakwenda mbali kisha yanarudi kutupimia poin.)

Sasa, kuna wenzetu wanaosema saa ya prosesa itaponya kila kitu. Hapana, wanazidisha. Programu inayolala segonde kumi bila kufanya kitu itaonekana haikula karibu chochote, na huku mtu amengoja segonde kumi. Programu inayofanya kazi katika viini vinne kwa pamoja inaweza kuonyesha saa ya prosesa kubwa kuliko saa ya ukuta, sababu muda wa viini vyote unajumlishwa. Tena, kompyuta inayokula betri yake mwenyewe mara nyingi inapunguza mwendo wa prosesa, na ile yenye joto kali inapunguza pia. Kazi ni ile ile lakini segonde zinaongezeka. Na kubwa kuliko yote: prosesa ya zamani inasaga polepole. Kikundi kilichopewa ile kompyuta ya karibu na mlango kitashindwa kwa saa yoyote mtakayotumia, hata mkileta saa kutoka Uswisi.

Kwa hiyo maombi yetu kwa mwalimu na kwa Bwana Prefe ni haya. Programu zote zipimwe kwenye kompyuta moja, iliyochomekwa kwenye umeme wa pano, kazi zingine zikiwa zimefungwa. Kila programu ipigwe mara tatu, na ichukuliwe jumla ndogo ya "user" na "sys". Saa ya ukuta iandikwe pembeni, sababu mtu anayengojea jibu naye ana haki yake, lakini poin zisitoke huko.

Wengine watasema ni neno dogo. Kwa mwenye poin za kutosha ni dogo, ndiyo. Lakini poin hizi zinaingia katika buletini, na buletini inasomwa nyumbani na mzazi aliyeuza mafuta ya mawese ili alipe minervali. Yeye hajui habari za mstari wa prosesa, anaona tu nyekundu. Vikundi vitatu vilipimwa siku ile kompyuta zilikuwa zinakula betri zao, na kimoja kati yao kilikuwa kwenye ile ya karibu na mlango. Tumesoma programu zao. Moja iko nzito kweli, inarudia kugawanya mpaka mwisho wa namba wakati ingetosha kufika kwenye kipeuo chake cha pili, na wenyewe wanajua. Zile mbili zingine hatukuona ubaya wake.

Vikundi hivyo vinaomba kupimwa tena mbele ya poin kufungwa. Ijumaa, jua likiwaka vizuri, ni kazi ya saa moja tu, kwa saa ya ukuta.