Gitaa la Kikongo Mjini New York

Mwezi wa Januari 2008, vijana wanne waliokutana katika Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, walipoitoa albamu yao ya kwanza kwa jina la bendi yao, Vampire Weekend, wasikilizaji waligawanyika, hawa wakiisifu kwa wepesi na uchangamfu wake, na wale wakiilaumu kuwa ni anasa ya watoto wa wenye nafasi, waliojitwalia muziki wa Afrika pasipo idhini. Mimi, ambaye ujana wangu ulipita katika zama za kaseti za Kanda Bongo Man, mwanamuziki wa Kongo, niliusikiliza ule wimbo wao unaobeba jina la kwasa kwasa, ule mtindo wa dansi wa Kongo, na lile gitaa la sauti nyembamba, safi, likielea juu ya ngoma inayogongwa taratibu, likanifurahisha kabla sijapata wasaa wa kughadhibika.

Kuazima si dhambi, kwani hata rumba ya Kongo ilikunywa katika kisima cha Cuba. Dhambi ni kuficha, nao hawakuficha. Lililonihuzunisha ni wahakiki, ambao walijadili mashati ya vijana hao kwa kirefu, na mafundi wa gitaa wa Kinshasa wakawapitia kwa haraka.