Shamba la Nabothi na Heshima ya Mkubwa

Leo tufungue 1 Wafalme 21. Tunakumbuka kwamba Nabothi alinyang'anywa shamba la mizabibu. Tunachosahau ni shtaka lake: mashahidi wa uongo walisema amemtukana Mungu na mfalme. Akapigwa mawe akafa. Heshima ya mkubwa iligeuzwa silaha ya kumdhulumu mdogo.

Kwetu, mwaka 1958, Julius Nyerere alishtakiwa Dar es Salaam kwa jinai ya kashfa. Katika Sauti ya TANU aliwalaumu mabwana shauri wawili wa kikoloni, mmoja wa Songea, mwingine wa huku kwetu Kanda ya Ziwa. Alitiwa hatiani: faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6. Akalipa.

Miaka 6 baadaye Mahakama ya Juu ya Marekani ilipima jambo hilohilo. Tangazo la kumchangia Martin Luther King katika New York Times lilikuwa na makosa madogo. Kiongozi mmoja wa jiji la Montgomery, ambaye hata hakutajwa jina, alidai dola 500,000. Majaji wakaamua kwamba kiongozi wa umma halipwi fidia mpaka athibitishe kuwa mwandishi alijua anasema uongo, au hakujali kama ni kweli.

Sasa turudi Bariadi. Mkulima wa pamba anasema mizani inampunja. Muumini anauliza fedha za ujenzi wa kanisa zimekwenda wapi. Wanajibiwa: "Mnanichafua, nitawashtaki!" Ndugu yangu uliyepewa dhamana, mizani na ikaguliwe, daftari la hesabu lifunguliwe. Hilo ndilo jibu la mtu msafi.

Nawe unayelalamika, Kutoka 20:16 inakukataza kumshuhudia jirani uongo. Kabla ya kutuma ujumbe kwenye kundi la kwaya, jiulize: nimeona, au nimesikia tu? Ukikosea, rudi kulekule ulikosema, usahihishe.

Ahabu alimwita Eliya adui yake. Lakini alipoyasikia maneno ya nabii alijinyenyekeza, na Mungu akaahirisha mabaya aliyokuwa ameyakusudia. Shamba lilikuwa limekwisha kuchukuliwa, Nabothi amekwisha kufa. Sisi tusingoje kuchelewa hivyo. Anayekuonya leo, msikilize kabla hujamwita adui.