MCHAGUA TREKTA NA AHESABU KWANZA

Wazee wetu walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hilo lilikuwa haki kwa wakati wake na kwa chombo chake. Jembe la mkono, liwe zito au jepesi, humtii mwenye mikono, na yule asimamaye dukani kutwa akiligeuzageuza alikuwa akitafuta udhuru wa kutolima. Lakini trekta si jembe. Mkulima akikosea jembe hupoteza siku moja. Akikosea trekta, watoto wake hulipa deni wasilolikopa. Kwa hiyo leo twathubutu kuligeuza neno la wazee na kusema kwamba, katika jambo la trekta, asiyechagua ndiye asiye mkulima.

Twasema hayo kwa sababu ya habari njema. Katika sehemu mbalimbali za nchi yetu jamaa wanalima nyasi kama walimavyo mahindi: huzipanda, huzikata, huzikausha na kuzifunga marobota, kisha huwauzia wafugaji wakati wa kiangazi. Kazi hiyo ni ya lazima, si ya anasa. Ukame wa mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliacha mizoga ya ng'ombe imetapakaa katika mbuga za Simanjiro, na mizigo ya majani makavu ndiyo iliyokosekana. Mwenye shamba la nyasi, basi, ni mtu wa kuheshimiwa. Lakini apatapo fedha kidogo, au auzapo ng'ombe kadhaa, wazo lake la kwanza ni trekta. Na muuzaji huitambua nia hiyo kabla mkulima hajavuka kizingiti cha duka.

Na tuchukue mfano wa Kongwa, mkoani Dodoma, kwa kuwa ardhi ile imekwisha kutufunza mara moja. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha huko mpango mkubwa wa karanga. Yaliletwa matrekta yaliyobaki vitani, na hata vifaru viligeuzwa vikawa matrekta. Udongo haukupimwa vya kutosha. Mvua zilipokatika ardhi ikawa ngumu kama tofali na kuzila plau; mibuyu ikazishinda mashine; vipuri vikawa mbali; matrekta mengi yakalala karakana. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, na pauni zaidi ya milioni 35 zilikuwa zimepotea. Wenye mpango ule hawakupungukiwa na fedha wala wataalamu. Walinunua kwanza, wakahesabu baadaye. Na tazama, ardhi iliyozikataa karanga zao imezikubali nyasi: Kongwa leo ina ranchi ya taifa na kituo cha utafiti wa malisho.

Basi na tuhesabu. Tuseme jamaa moja ina ekari 40 za nyasi za Rhodes. Mashine ya kukata yenye upana wa mita 1.65, ikienda kilomita 6 kwa saa, na tukitoa muda wa kugeuka pembeni, hukata yapata ekari 2 kwa saa. Ni saa 20. Kuzikusanya kwa reki tuseme saa 15. Ikiwa ekari moja itatoa marobota 100 ya kilo 15, yote ni marobota 4,000. Na mashine ikifunga 200 kwa saa, ni saa 20 tena. Jumla ni saa 55, na kwa kuwa huko mvua ni za msimu mmoja, mkato mkubwa huwa mmoja kwa mwaka.

Saa hizo 55 zina masharti. Nyasi hukatwa zianzapo kutoa maua, kwa maana zikikomaa huwa miti mitupu. Hukaushwa siku mbili au tatu za jua. Zikifungwa zingali na maji zaidi ya moja ya tano ya uzito wake, robota hushika joto na ukungu, na mfugaji hununua sumu. Kwa hiyo mkulima wa nyasi hahitaji trekta kubwa la kujivunia barabarani. Ahitaji trekta lisilomtupa katika siku chache zile.

Je, liwe na nguvu kiasi gani? Mashine ndogo ya kufunga marobota ya pembe nne hutaka nguvu za farasi 35 hivi katika shafti ya nyuma, ile izungushayo mashine. Nguvu iliyoandikwa ubavuni mwa trekta siyo ifikayo kwenye shafti. Injini isiyo na tabo hupoteza yapata asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda juu ya usawa wa bahari. Kongwa, penye mita 1,000 hivi, moja ya kumi imekwisha kwenda. Kisha gia nazo huchukua asilimia 15 hivi. Trekta la nguvu 45 hubakiwa na 34: halitoshi hata kabla halijaivuta mashine yenyewe. Trekta la nguvu 60 hubakiwa na 46, akiba ya kutosha kuvuta na kupanda mteremko. Kwa wenzetu wa Njombe, karibu na mita 2,000, upungufu wa mwinuko hukaribia moja ya tano. Hao na watafute 70, au injini yenye tabo. Mwenye kununua 90 na zaidi kwa ekari 40 hununua dizeli ya bure, na uzito wa kuyakandamiza mashina ya nyasi zake mwenyewe.

Baada ya nguvu, na atazame klachi. Shafti ya nyuma na iwe na klachi yake, ili trekta liweze kusimama mbele ya tuta nene la nyasi huku mashine ikiendelea kuzunguka na kulimeza. Lisipokuwa hivyo, kila asimamapo mashine husimama pia, na nyasi hukwama. Gia nazo ziwe kadhaa za mwendo wa polepole, kilomita 3 hadi 8 kwa saa, kwa maana huo ndio mwendo wa kazi hii.

Kuna kosa jingine ambalo tumeliona mara nyingi. Mtu hutumia fedha zake zote kwa trekta, akalileta nyumbani kwa vigelegele, kisha akagundua kwamba trekta peke yake halikati hata unyasi mmoja. Mashine ya kukata, reki, na mashine ya marobota hazimo. Trekta hilo huishia kubeba maji na abiria. Ni heri mtu akodi trekta msimu mmoja na kununua mashine zake kwanza, kuliko kumiliki farasi asiye na mkokoteni.

Anunuaye lililotumika asidanganywe na rangi mpya. Na afike asubuhi injini ikiwa baridi, aone linavyowaka na moshi wake. Achunguze kama oili ina maji. Ainue mzigo kwa mikono ya nyuma, azime injini, atazame kama mikono hushuka. Saa zilizoandikwa zaweza kurudishwa nyuma. Pedali zilizolika hazirudishwi. Na kabla ya yote aulize: matrekta ya namna hii ni mangapi wilayani petu, fundi wake yuko wapi, na sahani ya klachi hupatikana kwa siku ngapi? Trekta bora duniani ambalo kipuri chake huchukua mwezi mmoja ni trekta baya Kongwa.

Sasa twamgeukia dereva, ambaye mara nyingi si mwenye trekta bali mfanyakazi wa mshahara, au kijana wa nyumbani. Shafti ile ya nyuma huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde moja. Ikiishika ncha ya shuka au koti, mtu hana hata muda wa kupiga kelele. Kifuniko cha shafti huuzwa pamoja na mashine. Na ajabu ni kwamba ndicho cha kwanza kutupwa. Twasema waziwazi: mwajiri anayemweka mtu kazini penye shafti isiyofunikwa, au anayemhimiza kuzibua nyasi zilizokwama injini ikinguruma, hatafuti maendeleo. Na dereva mwenyewe aijue haki yake ya kukataa. Vilevile trekta lisilo na nguzo za kumkinga dereva lipindukapo lisinunuliwe, hata likiwa rahisi kiasi gani.

Yabaki swali kubwa. Mwaka una saa 8,760. Je, yafaa jamaa moja ijifunge deni kwa ajili ya saa 55? Twaamini kwamba haifai, isipokuwa trekta lina kazi nyingine ya kulima na kuchukua mizigo. Jamaa tatu zikishirikiana, saa huwa 165 na deni hugawanyika. Tutajibiwa kwamba mali ya shirika haina mwenyewe, na hatukatai kwamba hayo yametokea. Mipango ya makazi ya vijijini, iliyosimamishwa mwaka 1966, ililemewa na mashine ambazo gharama zake zilizidi mapato. Lakini dawa yake yajulikana: dereva mmoja aliyekabidhiwa, daftari la saa na oili, akiba ya matengenezo itolewayo kwa kila saa ya kazi, na zamu iliyopigiwa kura na kuandikwa kabla nyasi hazijatoa maua. Ugomvi wa zamu uamuliwe mwezi wa pili, si mwezi wa nne wakati mawingu yangali yakitanda.

Ndugu wananchi, hatuandiki haya ili kumvunja mtu moyo. Twataka kuona marobota yamejaa ghalani kila kiangazi, na ng'ombe wamesimama kwa miguu yao. Lakini mtu aliyeuza ng'ombe wake wote ili anunue trekta la kuwalimia ng'ombe majani, amebaki na nini? Kabla hajatia sahihi, na akae na mkewe na wanawe chini ya mti, na kalamu na karatasi, wahesabu saa, ekari na deni. Kisha waende dukani wote pamoja.