Tusiizike Mashine Iliyo Hai

Msomaji kijana, ziko hukumu zinazotolewa kwa haraka hata mshitakiwa hapati nafasi ya kusema neno. Mojawapo ni ile ipitishwayo juu ya kompyuta za shule. Mtu huketi mbele ya mashine akitaka kuitia mfumo endeshi mpya, katikati ya kazi mashine husimama, ikaandika kwamba kiendeshi hakipo, naye huinuka akasema, "Hii imekufa." Basi hufunikwa gunia, husukumwa pembeni mwa chumba, na wanafunzi wanne hubaki kugombea moja iliyosalia, ilhali mtihani wa vitendo wa somo la Kompyuta hautamuuliza yeyote kati yao kama alipata zamu. Nasema wazi kwamba hukumu hiyo ni batili, na mwenye kuipitisha anawadhulumu ninyi.

Kiendeshi, ambacho mafundi wetu hukiita draiva, ni programu ndogo ijuayo lugha ya kifaa kimoja. Mfumo endeshi ndio utoao amri. Diski, kioo, spika na Wi-Fi ndivyo vitumwavyo. Baina yao sharti awepo mkalimani. Asipokuwapo amri haifiki, ijapokuwa mwenye kuamuru ni mzima na mwenye kuamriwa ni mzima.

Watu wa Tana hawana haja ya kufunzwa jambo hili kwa mifano ya mbali. Kabla ya kujengwa daraja, msafiri wa kutoka Malindi kwenda Lamu alivuka mto pale Garsen kwa kivuko. Alipomkosa mwenye kivuko hakutangaza kwamba Lamu imekufa, wala hakulisukuma gari lake majini. Aliuliza mwenye kivuko yuko wapi. Hata mwaka 2023, mafuriko yalipoikata barabara ya Lamu, hakuna aliyetaka barabara ifutwe katika ramani. Mbona basi busara hii ya mtoni huachwa nje ya mlango wa chumba cha kompyuta?

Tena kosa hili hapa ni ghali kuliko kwingine. Mjini Nairobi hukumu mbaya hugharimu nauli ya matatu. Kutoka Garsen mashine hupakiwa basi la Malindi, safari ya kilomita zaidi ya 100, au hupelekwa mpaka Mombasa. Hukaa huko majuma, kisha hurudi na diski mpya ambayo haikuhitajika.

Tuitazame Windows 7, iliyotoka mwaka 2009. Msaada wa watengenezaji wake ulikoma tarehe 14 Januari 2020, walakini ingali ikitiwa katika mashine kuukuu. Ukiitia kwa flashi, huenda ikakuambia kwamba kiendeshi cha CD hakipo, na huku mashine yako haina CD kabisa! Ujumbe huo unapotosha, nami sitautetea. Mara nyingi sababu yake ni hii: kanuni za USB 3.0 zilitolewa Novemba 2008, na Windows 7 ilitoka bila kuwa na kiendeshi chake. Mashine huanza kuisoma flashi kwa msaada wa BIOS. Windows inaposhika hatamu, huitafuta flashi ile ile isiione. Ihamishe flashi kutoka tundu la USB la buluu, ambalo kwa kawaida ndilo la 3.0, uichomeke katika tundu jeusi, uanze upya. Ikikataa, iandike flashi upya, kwa maana nakala iliyoharibika nayo huleta ujumbe huo huo. Kama mashine haina tundu la zamani, viendeshi vya USB 3.0 sharti vitiwe ndani ya flashi kabla ya kuanza. Kumbe ugonjwa ulioitwa mauti dawa yake yaweza kuwa kusogeza mkono inchi mbili.

Msaada wa Windows 10 nao ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wanahamia Windows 11. Hapo huja kilio kingine: "Diski haionekani!" Katika kompyuta mpakato nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11, zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, na za vizazi vilivyofuata, diski huwekwa nyuma ya mlinzi aitwaye VMD. Programu ya usakinishaji isiyo na kiendeshi chake haiwezi kumpita. Kitafute kiendeshi hicho katika tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, ukifungue kutoka katika kifurushi chake, ukiweke katika flashi, kisha bonyeza kitufe cha kupakia kiendeshi. Wengine huizima VMD katika BIOS. Njia hiyo yafaa kwa diski inayofutwa, lakini mfumo uliokwisha kuwamo waweza kukataa kuamka.

Lakini lisilovumilika kuliko yote ni hili la Wi-Fi. Windows 11 hudai intaneti kabla ya kumaliza kazi. Kiendeshi cha Wi-Fi hakimo. Nacho kinapatikana wapi? Katika intaneti! Huku ni kumwambia mtu avuke mto akalete mtumbwi wa kuvukia. Walioandika sharti hilo walidhani kwamba kila nyumba duniani ina waya wa mtandao ukutani. Nasi tusinyamaze kana kwamba kosa ni letu: wenzetu wa Debian walilalamikiwa miaka mingi kwa jambo la namna hii, wakapiga kura mwaka 2022, na toleo lao la 12, la Juni 2023, likatoka na programu za vifaa zilizokuwa zikikosekana. Kwa sasa, chukua simu yenye data, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, uwashe huduma ya kugawa intaneti. Aghalabu mashine huitambua.

Patakuwa na mtu wa kusema kwamba haya ni mambo ya mafundi, tena yameandikwa Kiingereza. Kweli, Kiingereza ni kikwazo, na jitihada za Kilinux za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zilizotupa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilistahili wafuasi wengi zaidi. Lakini namba si Kiingereza. Kila kifaa cha ndani kina utambulisho wake: tarakimu zifuatazo herufi VEN humtaja mtengenezaji, na zifuatazo DEV hukitaja kifaa. Ukiona 8086 baada ya VEN, umekutana na Intel. Mwenye namba hizo hahitaji yale mafurushi ya "viendeshi vyote" yanayogawiwa ovyo mitandaoni, ambayo mara nyingi huja na wageni wasioalikwa.

Mwalimu wenu akikusudia kufuta mfumo wa zamani, mkumbusheni kwa adabu kwamba Windows ina amri iitwayo pnputil, iwezayo kunakili viendeshi vilivyoongezwa na kuviweka katika flashi kabla ya kazi. Na mashine iliyokwisha kufunikwa gunia ifunuliwe, iwashwe, na maneno itakayoyaandika yanakiliwe neno kwa neno katika karatasi, pamoja na jina la toleo lake. Karatasi hiyo ibandikwe juu yake. Mashine isiyo na karatasi isipakiwe basi la Malindi.