Bei za Vifaa vya Mawe ya Figo Ziwe Wazi

Mgonjwa wa mawe ya figo atokaye Muze, katika Bonde la Ziwa Rukwa, hupanda safu ya Lyamba lya Mfipa kwenda Sumbawanga. Ndugu yake wa Pemba huvuka bahari. Wakitolewa mawe kwa darubini ipitayo njia ya mkojo, wote huhitaji vifaa vya kutumiwa mara moja na kutupwa: waya wa kuongozea, kikapu cha kunasia mawe, mrija wa kupitishia mkojo.

Vifaa hivyo hutengenezwa na viwanda vingi. Viwili vyaweza kufanya kazi ile ile, kimoja kikawa ghali kupita kiasi. Daktari asiyeonyeshwa bei huchagua alichokizoea, na mzigo humwangukia mgonjwa au hazina ya taifa.

Hatusemi kilichokusudiwa kutupwa kitumiwe tena. Hilo huleta maambukizo. Tunasema bei zibandikwe katika vyumba vya upasuaji, na Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, pamoja na Bohari Kuu ya Dawa ya Zanzibar, zinunue kwa wingi na kuwashindanisha wauzaji. Fedha itakayookolewa ni ya wananchi. Nayo iwatibu wananchi.